Bataringaya: Waziri wa polisi aliyezidiwa na magari ya deraya

Basil Bataringaya alikuwa mwana wa Ankole, nchi ya malisho ya ng'ombe ambayo mji wake mkubwa ni Mbarara. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 alikuwa miongoni mwa vigogo wa chama cha DP. Kwa kuwa kiongozi wa chama hicho, Benedicto Kiwanuka, hakuwemo bungeni, Bataringaya ndiye aliyeongoza upinzani. Mwishoni mwa mwaka 1964 aliwaacha wenzake, akajiunga na UPC ya Milton Obote. Hatimaye akakabidhiwa Wizara ya Mambo ya Ndani, yaani polisi.

Haikuwa wizara ya kulalia. Kusini mashariki mwa Mbarara, makazi ya Nakivale yalikuwa na Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Kwa mkimbizi, polisi ndiye sura ya serikali: ndiye mlinzi wake, na ndiye anayeweza kumfukuza. Kampala nako, baada ya Obote kupigwa risasi Desemba 1969, vyama vya upinzani vilipigwa marufuku. Wapinzani waliwekwa kizuizini bila hukumu, Kiwanuka akiwa mmoja wao. Waziri aliyewahi kuwa mpinzani hakuzuia hayo.

Januari 1971 Obote alikwenda Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Bataringaya, pamoja na Inspekta Jenerali wa Polisi Erinayo Oryema na wengine, walipanga kumkamata mkuu wa majeshi, Idi Amin. Siri ilivuja. Usiku wa kuamkia tarehe 25, askari waliomuunga mkono Amin katika kikosi cha Malire waliteka ghala la silaha, wakatoa vifaru na magari ya deraya. Waziri alikuwa na mamlaka ya kisheria. Mwenye funguo za magari alikuwa mtu mwingine. Kulipokucha, serikali ilikuwa imeanguka.

Amin alimwachia Kiwanuka na baadaye akamfanya Jaji Mkuu. Oryema akapewa uwaziri. Bataringaya alikamatwa.

Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutoka Tanzania na kushambulia Mbarara, wakashindwa. Askari wa kambi ya Simba walilipiza kisasi kwa raia. Bataringaya aliuawa, na inasimuliwa kuwa kichwa chake kilitundikwa juu ya mti mjini Mbarara, watu wake wakione. Mwezi huohuo Kiwanuka alitekwa akiwa mahakamani, akauawa. Oryema aliuawa mwaka 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Aliyefungwa, waziri wa waliomfunga, na mkuu wa polisi: wote watatu walimezwa na nguvu ileile isiyohojiwa na mtu.

Leo polisi wa Uganda wana magari yao ya deraya, ambayo wananchi huyaita mamba. Gari kama hilo linaweza kumtoa majeruhi penye risasi. Linaweza pia kuingizwa katikati ya waandamanaji wasio na silaha. Katiba ya mwaka 1995 inamtaka Inspekta Jenerali afuate sheria, ingawa Rais anaweza kumpa maelekezo ya sera. Swali la Bataringaya bado lipo: nani anaamuru gari litoke, na nani atamhoji likisharudi?

Wakazi wa Nakivale wanalijua swali hilo bila kusomewa Katiba. Julai 2010 polisi waliwakusanya Wanyarwanda na kuwapakia kwa nguvu kwenye malori kuwarudisha kwao. Watu wawili waliruka wakafa. Malori yale hayakuwa na deraya, lakini polisi walikuwa na silaha. Amri na silaha hizo zilitosha.

Bataringaya alikuwa na nafasi ya kujenga chombo cha kuhoji amri za namna hiyo wakati ofisi ilikuwa mikononi mwake. Hakukijenga, na alipokihitaji yeye mwenyewe, hakikuwepo.