Rwagasore na Faranga za Wachuuzi

Ndugu askari, pale Petite Barrière, Gisenyi, twawaona wachuuzi wakivuka kwenda Goma na mizigo kichwani. Watu wa namna hiyo ndio waliomwinua Louis Rwagasore wa Burundi.

Mwana huyo wa Mwami Mwambutsa alizaliwa mwaka 1932, akasoma Astrida, sasa Huye. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara. Waswahili wa Usumbura, sasa Bujumbura, wakakichangia chama chake, UPRONA. Tarehe 18 Septemba, 1961, kilitwaa viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba, akiwa Waziri Mkuu, aliuawa kwa njama za wapinzani.

Kiongozi aliyechangiwa na wengi huwatumikia wengi. Aliyelishwa na tajiri mmoja humtumikia huyo. Nasi wenye sare tukumbuke: apokeaye faranga kizuizini amekwisha kuuza zamu yake.