Charles Dundas na kahawa ya Wachagga

Ukitembelea kihamba cha mkulima wa Marangu, Kilema au Machame, utakuta mibuni imekaa chini ya kivuli cha migomba, mfereji unapita pembeni na ng'ombe yuko zizini karibu na nyumba. Utadhani mambo yamekuwa hivyo tangu enzi za mababu. Migomba ndiyo ya mababu. Kahawa ni mgeni, iliyoletwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Kuenea kwake kwa wakulima wa kawaida kuna mkono wa ofisa mmoja wa serikali ya Kiingereza, Charles Dundas.

Dundas alizaliwa mwaka 1884. Alianza kazi ya serikali nchini Kenya mwaka 1908, na baada ya Waingereza kuwanyang'anya Wajerumani Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, alipelekwa Moshi kuongoza wilaya.

Huko alikuta baadhi ya Wachagga, hasa Mangi na watu wao, tayari wana mibuni michache. Akawahimiza na wengine wapande. Tusimfanye malaika: serikali yake ilitaka kodi, na mwenye kahawa analipa kodi. Lakini analipa bila kwenda kuwa kibarua kwenye shamba la mzungu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Walowezi walilalamika kwamba kahawa ya Waafrika italeta magonjwa na wizi wa buni. Hofu yao kubwa ilikuwa kukosa vibarua. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, walowezi wenzao walisikilizwa, na Waafrika wakazuiwa kulima kahawa ya arabika hadi miaka ya 1930. Kilimanjaro, Dundas hakukubali kuwazuia. Wachagga wakamhesabu kama mzee wao.

Kahawa yenyewe ilikubali kihamba. Mgomba uliipa kivuli, majani makavu yakafunika udongo, samadi ikatoka zizini. Ila nyumbani mambo yalibadilika. Ndizi za chakula zilikuwa mikononi mwa akina mama, na pesa za kahawa zikaingia mfukoni mwa baba. Kwa kuwa mbuni hukaa ardhini miaka mingi, kihamba cha kurithi kutoka kwa baba kikazidi kuwa na thamani, na ndugu wakaanza kukitazama kwa jicho jingine.

Mtu ambaye hatupaswi kumsahau hapa ni Joseph Merinyo, Mchagga aliyefanya kazi na Dundas kama mkalimani. Mwaka 1925 kikaundwa chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, KNPA, na Merinyo akawa rais wake. Wakulima waliuza kahawa kwa pamoja na kununua dawa za kupulizia wadudu. Kwa maoni yetu, bila watu kama Merinyo, himiza-himiza ya Dundas ingeishia ofisini.

Dundas mwenyewe alikwisha kuandika kitabu kuhusu Kilimanjaro na watu wake, kilichotoka mwaka 1924. Baadaye alihamishiwa Dar es Salaam, na mwaka 1929 akaondoka Tanganyika kwenda visiwa vya Bahamas.

Nyuma yake, mwaka 1933, KNPA ilibadilishwa kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika chenye meneja Mwingereza. Mkulima akalazimishwa kuuza kahawa yake huko tu. Bei zilipokuwa mbaya, hasira zikapanda, na mwaka 1937 wakulima walifanya ghasia na kuvunja majengo ya vyama vya msingi. Serikali ikawahamisha kwa nguvu baadhi ya viongozi wao.

Dundas alikuwa mbali. Alifanywa gavana wa Bahamas, kisha wa Uganda kuanzia 1940 hadi 1944. Alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1955, na mwaka uliofuata akafariki, miaka 5 kabla ya Tanganyika kupata Uhuru.