Nani wa Kulisafisha Jina?

Nilipokuwa mwalimu chipukizi karibu na Malindi, mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa KAR alinijia na cheti chake cha kuachishwa jeshi. Humo mliandikwa kwamba mwenendo wake haukuridhisha. Alitaka nimwombee kwa barua maneno hayo yafutwe. Niliandika mara tatu. Mzee akafariki kabla ya kujibiwa. Tangu hapo, kila nifundishapo habari za Mekatilili wa Menza, humkumbuka.

Mekatilili alizaliwa Ugiriama katika karne ya 19, akaitwa Mnyazi. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimtuma Arthur Champion kuwatoza Wagiriama kodi na kuwatafuta vijana wa kufanya kazi mashambani mwa walowezi. Mama huyu, mjane wa makamo, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu walipokusanyika aliwausia wasiwatoe wana wao. Mwaka 1913, huko Kaya Fungo, wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kile cha fisi, kwamba hawatamtumikia mkoloni.

Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarejea pwani kwa miguu. Agosti kaya ililipuliwa kwa baruti, mapigano yakazuka, nao wakatiwa mbaroni tena. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, na kudaiwa vijana 1,000 wa kulibebea jeshi la Waingereza mizigo. Mekatilili aliachiliwa mwaka 1919, akarudi kwao, na huko akafia katika miaka ya 1920.

Katika mafaili ya watawala, mama huyu alikuwa mchawi na mchochezi. Leo sanamu yake imesimama mjini Malindi, na wanafunzi humsoma kama shujaa. Je, ni nani aliyelisafisha jina lake? Si ofisi iliyolichafua, la hasha! Ni akina nyanya waliowasimulia wajukuu, na wazee wa kaya waliokataa kusahau, hata wataalamu wa historia walipokuja kuuliza wakakuta habari zingali hai.

Hapo ndipo ninapojilaumu. Kwa yule mzee nilimwandikia mkubwa asiyemjua, lakini sikuwahi kumwuliza mwenyewe alitenda nini hata akaandikwa vile. Huenda alikosa, huenda alikataa amri isiyo ya haki. Cheti kilisema neno lake. Mzee hakupata wa kumwandikia lake.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, katika vijiji vya Kilifi wangali wamo wazee wenye vyeti vya namna hiyo masandukuni. Kuwaombea barua ni vyema. Lakini kwanza keti nao, uliza, uandike. Ofisi inaweza kukawia kujibu, mauti hayakawii.