Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeifichua saratani ya watoto Uganda

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mvulana wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona ugonjwa wa namna hiyo, wala hakuwa na tiba ya kumpa.

Majuma machache baadaye, akiwa hospitalini Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vilevile. Alipompima, aligundua uvimbe pia tumboni. Tangu hapo hakutulia.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia katika ajali. Alisomea udaktari katika Chuo cha Trinity, Dublin, akahudumu katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha mwaka 1946 akapangiwa kazi Lira, kaskazini mwa Uganda.

Baada ya tukio la Jinja alianza kupekua rekodi za wagonjwa. Alibaini kwamba watoto wenye uvimbe wa taya, wa figo na wa tumbo, waliokuwa wakiandikwa kana kwamba wana maradhi mbalimbali, walikuwa wakiugua ugonjwa mmoja. Ulikuwa umelazwa wodini miaka yote hiyo bila jina. Mwaka 1958 alichapisha matokeo yake, na ugonjwa huo ukaja kuitwa limfoma ya Burkitt.

Swali lililofuata lilikuwa: unapatikana wapi? Burkitt alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni, akiuliza kama wagonjwa wa aina hiyo wameonekana. Oktoba 1961 alifunga safari ya gari ya majuma kumi, takriban kilomita 16,000, akatembelea hospitali 57 mashariki na kusini mwa Afrika.

Alifuatana na Clifford Nelson na Ted Williams, daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua, katika eneo la West Nile. Williams alikuwa pia fundi hodari wa magari, ustadi uliohitajika sana njiani.

Safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua. Ulikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi na katika maeneo makavu. Palipokuwa na malaria nyingi, ndipo ulipokuwa umeenea.

Kwa upande mwingine, sampuli alizozituma London zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kugundua, mwaka 1964, kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Huko Kuluva, Williams aliendelea kuandika kwa uangalifu umri, makazi na tarehe ya kuugua ya kila mtoto. Madaftari hayo yalidhihirisha kwamba wagonjwa walioishi jirani mara nyingi waliugua katika kipindi kimoja. Kwa msingi huo West Nile ilichaguliwa kwa utafiti mkubwa: kuanzia mwaka 1972, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu, kisha wakafuatiliwa. Matokeo ya mwaka 1978 yalionyesha kwamba waliopata saratani walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi hicho kabla ya kuugua.

Burkitt mwenyewe alishuhudia dawa zikiyeyusha uvimbe ambao kisu hakikuweza kuuondoa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966 na baadaye akajulikana kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Machi 23, 1993, nchini Uingereza.

Hadi leo, uvimbe wa haraka wa taya au tumbo la mtoto ni sababu ya kumfikisha hospitalini bila kuchelewa, kwani ukitambuliwa mapema, ugonjwa huu hutibika.