Edmond Thieffry, rubani aliyefungua njia ya anga kati ya Ubelgiji na Kongo

Kilambo, katika wilaya ya Walikale, ndege ndogo za mizigo zimetua kwa miaka mingi juu ya barabara ya lami. Mlio wa injini ukisikika, pikipiki zinasogezwa pembeni, mbuzi wanafukuzwa, watoto wanaitwa nyumbani. Ndege inashuka, inapakua bidhaa za dukani, inapakia magunia ya kasiterite na kuondoka kabla mvua ya alasiri haijaanza. Wengi hawajui kwamba kazi ya namna hii katika Kongo ina uhusiano na mtu mmoja aliyekufa mwaka 1929, mwanasheria na askari wa Ubelgiji aliyeitwa Edmond Thieffry.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa tisa mwaka 1892 katika mtaa wa Etterbeek, Brussels. Alisomea sheria, na vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914 alikuwa jeshini. Wajerumani walimkamata. Alitoroka kwa pikipiki na kuvuka mpaka hadi Uholanzi, kisha akarudi kwa wenzake na kuomba kujifunza kurusha ndege.

Mwanzoni hakuonyesha kipaji. Wakati wa mafunzo aliharibu ndege kadhaa, hata wakuu wake wakawa na mashaka naye. Lakini alipopewa ndege ya vita ya kiti kimoja, alikuwa mtu mwingine. Alihesabiwa ndege 10 za adui alizoziangusha, na jina lake likajulikana Ubelgiji nzima. Mwezi wa pili mwaka 1918 yeye mwenyewe alitunguliwa, akakamatwa tena, akabaki kifungoni hadi vita vilipokwisha.

Siku 51, saa 75 angani

Baada ya vita alirudi kwenye kazi ya uwakili, lakini moyo wake ulibaki kwenye ndege. Ubelgiji ilikuwa imeanzisha kampuni ya ndege ya Sabena mwaka 1923, na safari ya kutoka Ulaya kwenda Kongo ilikuwa bado ya meli, wiki nyingi baharini. Thieffry aliwashawishi wakubwa, pamoja na mfalme Albert, kwamba ndege inaweza kufika.

Tarehe 12 mwezi wa pili mwaka 1925 aliondoka Brussels pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Ndege yao ilikuwa Handley Page ya injini tatu, imepewa jina la binti wa mfalme, Marie-José. Marubani waliketi mbele mahali pasipo na paa, upepo na vumbi usoni. Rada haikuwepo. Walifuata dira, ramani na mito.

Walipita Ufaransa na Hispania, wakavuka bahari ya Mediterania, wakakata jangwa la Sahara, wakapita Niger na Chad, kisha Bangui. Tarehe 3 mwezi wa ine walitua Léopoldville, Kinshasa ya leo. Walikuwa wamesafiri zaidi ya kilometa 8.000.

Safari nzima ilichukua siku 51, lakini muda wa kuwa angani ulikuwa kama saa 75 tu. Ukigawanya, ni saa moja na nusu kwa siku. Siku zilizobaki ziliishia chini: kungojea hali ya hewa, kutengeneza mashine, kutafuta mafuta, kungojea kiwanja kikauke. Hilo ndilo somo ambalo Thieffry alilileta Kongo. Ndege peke yake haifanyi usafiri. Usafiri unafanywa na petroli iliyofika mapema, fundi mwenye vipuri, na uwanja ambao magurudumu hayazami.

Na viwanja hivyo vililimwa na nani? Wakongo ndio waliokata miti, wakang'oa visiki na kusawazisha udongo kwa jembe. Majina yao hayamo kwenye sherehe za Brussels. Ndege zenyewe zilikuja kwanza kubeba barua, maofisa na wafanyabiashara wa koloni. Mkongo wa kawaida aliiona ikipita juu tu.

Dhoruba ya mwaka 1929

Thieffry hakuridhika na kufika mara moja. Mwaka 1928 alijaribu tena kuunganisha Ubelgiji na Kongo, hakufaulu. Kisha akageukia mashariki ya koloni, kuchunguza njia za ndege za ndani, zile ambazo zingeunganisha miji na migodi ambayo barabara hazikuifikia.

Tarehe 11 mwezi wa ine mwaka 1929, karibu na ziwa Tanganyika, ndege yake ndogo iliingia katika dhoruba na kuanguka. Thieffry alikufa pamoja na mwenzake Gaston Julien. Fundi wao, Eugène Gastuche, alipona. Thieffry alikuwa na miaka 36. Risasi za vita hazikumuua, mawingu ya mvua ya kwetu ndiyo yaliyomuua.

Rubani yeyote anayefanya kazi mashariki ya Kongo anayajua mawingu hayo. Asubuhi anga ni safi. Kadiri jua linavyopanda, mvuke wa msitu unapanda nalo, na alasiri radi zinasimama kama ukuta. Ndege ikitoka Goma kwenda Walikale inapita kwanza juu ya milima ya Masisi, halafu juu ya msitu ambako injini ikizima hakuna pa kutua. Ndiyo sababu rubani mwenye akili anaondoka mapema, na wingu likikaa juu ya mlima anarudi, hata abiria wakinung'unika.

Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Brussels na Léopoldville tarehe 23 mwezi wa pili mwaka 1935. Siku 51 zilikuwa zimepungua hadi tano na nusu, na ndege ya kwanza ilipewa jina la Edmond Thieffry. Huko Etterbeek kituo cha treni ya chini ya ardhi bado kina jina lake.

Kwetu, alama ya kazi yake ni ngumu zaidi kuiona. Kiwanja cha Goma kilipofungwa mwezi wa kwanza mwaka 2025 kwa sababu ya vita, ndege hazikukosa mbawa wala marubani. Zilikosa mahali pa kutua. Na kule ambako barabara ya Masisi imegeuka matope na njia ya anga imekatika, mgonjwa anasubiri dawa, na bei ya chumvi inapanda.