Charles Darwin na Vigamba vya Baharini: Funzo kwa Mwalimu wa Sayansi

Charles Darwin alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, mwaka 1809. Wengi humkumbuka kwa nadharia yake ya mabadiliko ya viumbe. Sisi walimu twapenda kuikumbuka pia miaka minane aliyoitumia kuchunguza viumbe wadogo wenye vigamba, jamaa ya kaa na kamba, ambao hung'ang'ania miamba na majahazi.

Mwaka 1835, pwani ya Chile, aliokota kombe lililotobolewa na kiumbe mdogo kama kichwa cha pini. Mwaka 1846 akaanza kumchunguza kwa hadubini, na kutoka kwake akawaendea jamaa zake wote, walio hai na waliobaki visukuku. Visukuku vilikuwa vigumu, kwa kuwa vigamba vya mnyama mmoja hutawanyika mwambani. Hivyo aliwapasua walio hai, akajua mahali pa kila kigamba, ndipo akaweza kueleza spishi mpya za kale na kuzipa majina. Mwaka 1851 alifiwa na bintiye Annie, mwenye umri wa miaka 10. Mwaka huo huo kitabu chake cha kwanza cha visukuku kilitoka.

Muhtasari wa nadharia yake ulikuwa tayari tangu 1844, lakini kitabu chake kuhusu nadharia hiyo kilitoka mwaka 1859, baada ya vigamba kumwonyesha jinsi viumbe wa spishi moja wanavyotofautiana. Alifariki mwaka 1882.

Basi tusiharakishe kumpa mwanafunzi kanuni. Tumpe kwanza kombe mkononi: alitazame, alichore, alilinganishe na jingine. Kanuni itafuata.