Isaac Newton na Chuma cha Moto

Isaac Newton alizaliwa mwaka 1642 katika kijiji cha Woolsthorpe, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Yamkini umesikia habari za Newton katika masomo ya mwendo na mwanga. Kazi yake juu ya joto haitajwi mara nyingi, nayo yastahili kujulikana.

Newton alikuwa na kipimajoto cha mafuta ya kitani. Kilifaa kupima joto la mwili, la maji yanayochemka, hata la bati linaloyeyuka. Lakini joto la chuma chekundu kilichotoka motoni hakikuliweza. Je, wewe ungelipimaje?

Newton alitia kipande kinene cha chuma motoni mpaka kikawa chekundu. Akakitoa kwa koleo, akakiweka mahali penye upepo uliovuma mfululizo. Juu yake aliweka vipande vidogo vya metali mbalimbali, vikayeyuka. Kisha akaangalia muda uliopita mpaka kila kimoja kikaganda tena, na mpaka chuma chenyewe kikapoa kufikia joto la mwili wa mtu.

Kwa nini alichagua mahali penye upepo? Fikiri kidogo. Chuma cha moto huipasha joto hewa inayokigusa. Hewa hiyo ikikawia hapo, chuma hupoa polepole. Upepo huiondoa na kuleta hewa baridi, tena kwa kiasi kile kile kila wakati. Hapo Newton alishika kanuni hii: tofauti ya joto kati ya chuma na hewa ikiwa mara mbili, chuma hupoteza joto kwa kasi mara mbili. Basi kwa kuhesabu muda tu, akakadiria joto ambalo kipimajoto chake hakikulifikia.

Habari hizo zilichapishwa mwaka 1701 kwa Kilatini, bila jina lake. Wakati huo alikuwa mkuu wa kiwanda cha sarafu za serikali mjini London. Alifariki mwaka 1727.

Kanuni yake ina mpaka. Kitu chenye joto kali mno hupoteza joto jingi kwa mnururisho pia, na hapo hesabu hukosea. Hata hivyo, wahandisi wanaokadiria jinsi hewa au maji yanavyopoza injini huanza nayo mpaka leo.

Jaribu mwenyewe. Jaza maji ya moto katika makopo mawili yaliyo sawa, uyafunike ili mvuke usitoke. Moja lipepee kwa upepeo, jingine liache. Pima joto la maji kila baada ya dakika 5, uandike katika daftari lako.